Juma la Mvua katika Nyumba ya Wasafiri



Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Uingereza, mkataka kujua tuliona nini katika mji ule mkubwa wa London. Habari za majumba na madaraja na makanisa yake mnazo vitabuni, na picha zake mmekwisha kuziona. Sisi twataka kuwapa habari za jiko moja, na za kijana mmoja, na za mvua iliyotushika karibu juma zima mwezi wa Oktoba mwaka 2023. Maana katika jiko lile tulifundishwa neno ambalo sisi walimu tulidhani twalijua tangu zamani.

NYUMBA YENYEWE

Tulikuwa wawili, walimu wa miaka mingi, na kazi iliyotupeleka ni kusoma karatasi za kale za misheni zilizowekwa katika maktaba za huko. Fedha zetu zilitosha nauli na chakula, lakini hazikutosha hoteli, kwa kuwa hoteli za London ni ghali mno. Basi tukafanya kama wafanyavyo vijana watembeao duniani na shanta mgongoni: tukaenda kukaa katika hosteli.

Pengine wengine wenu hamjapata kuiona nyumba ya namna hii. Hosteli si hoteli. Mgeni hakodi chumba, hukodi kitanda. Sisi tulipewa vitanda viwili katika chumba cha wanaume chenye vitanda 8, vya juu na vya chini, na kwa umri wetu tulishukuru kupata vya chini. Kila mgeni ana kabati dogo la chuma, na kufuli aje nayo mwenyewe. Bafu ni la wote, na jiko ni la wote. Kila mtu hupika chakula chake, huosha sufuria yake, na kuandika jina lake juu ya kifurushi chake kabla ya kukitia katika friji. Lakini karibu na mlango pana rafu moja isiyo na jina la mtu. Hapo msafiri anayeondoka huacha mchele uliobaki, au chumvi, au nusu ya mkate, na mwenye haja huchukua wala haulizwi. Rafu ile ilitupendeza sana. Tena pana chumba kidogo chenye joto, ambamo nguo na viatu vilivyolowa hutundikwa vikauke.

Chumbani mwetu walikuwamo kijana Mjerumani, ndugu wawili kutoka Brazil, na mzee mmoja wa Poland ambaye Kiingereza chake hakikuzidi maneno kumi. Kitanda kimoja kilibadilisha mtu kila usiku. Na katika kitanda cha juu, karibu na dirisha, alilala kijana mwembamba mwenye shanta kubwa, ambaye tulimdhania msafiri kama wengine.

Jioni ya kwanza tulipokuwa tukisongeza kiti karibu na jiko na kusemezana kwa lugha yetu, tulisikia sauti nyuma yetu ikisema, “Shikamooni.” Tukageuka, tukamwona ni yeye. Tukaitika, “Marahaba, mwanetu,” na mioyo yetu ikafurahi, maana kusikia Kiswahili katika nchi ya mbali ni kama kuona moshi wa nyumbani. Akatuambia ya kwamba yeye ni Mtanzania, amekuja kusoma chuo kikuu kwa mwaka mmoja, na karo yake yalipwa na wafadhili. Hatukumwuliza kwa nini mwanafunzi alala katika nyumba ya wapita njia. Tulipaswa kuuliza.

MVUA

Siku ya Jumatano mvua ikashika. Mvua ya London si kama mvua ya kwetu. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na London hupata 600 hivi tu. Lakini mvua ya kwetu huja kwa kishindo, ikamaliza kazi yake, jua likatoka. Ile ya kule hunyunya, ikanyunya, kama mtu anenaye polepole wala hanyamazi, na baridi yake huingia mpaka mifupani. Tena juma lile ilizidi desturi, maana tufani iliyopewa jina la Babet iliipiga nchi, hasa upande wa Scotland. Kabla juma halijakwisha, katika televisheni ya sebuleni tuliona mji wa Brechin umeingiwa na maji ya mto, na watu wakihama majumbani mwao. Wageni waliokusudia kutembea mjini wakarudi mapema, na jiko likajaa watu na harufu ya makoti yaliyolowa.

Ni usiku ule wa Jumatano yule Mjerumani alipotusimulia ya kwamba nyumba hizi zilizaliwa na mvua. Twapenda walimu wayajue haya, kwa sababu aliyezianzisha alikuwa mwalimu wa shule kama ninyi. Jina lake Richard Schirrmann, wa mji wa Altena katika Ujerumani. Alizoea kuwatoa watoto wa shule darasani na kuwatembeza kwa miguu siku nyingi, waione nchi yao. Tarehe 26 Agosti 1909 alikuwa njiani na wanafunzi wake, tufani ya radi ikawakuta katika bonde la Bröl. Wakapata kujificha katika shule ya kijiji, iliyokuwa tupu kwa ajili ya likizo, wakalala juu ya majani makavu. Watoto walisinzia, lakini mwalimu alikaa macho akisikiliza ngurumo. Akawaza moyoni mwake ya kwamba kila kijiji kina shule, na kila shule hukaa tupu wakati wa likizo. Kwa nini isiwe kimbilio la vijana walio safarini? Mwaka 1912 ikafunguliwa hosteli ndani ya ngome ya kale ya Altena. Mwaka 1930 chama cha nyumba hizi kikaanzishwa Uingereza, na mwaka 1932 vyama vya nchi mbalimbali vikaungana mjini Amsterdam. Hivyo wazo la mwalimu mmoja aliyekosa usingizi limewapa malazi watu wasiohesabika.

Yule kijana wa kwetu alisikiliza habari hii akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, “Kumbe ilikuwa kwa ajili ya tufani.” Kisha akaenda kulala.

YALE TULIYOYAONA

Siku zile tuliona mambo matatu, tusiyatie maanani. Kwanza, chakula chake kilitoka zaidi katika ile rafu isiyo na jina. Pili, kila asubuhi shanta yake ilikuwa imefungwa kabisa, kama ya mtu aondokaye siku ile ile. Tatu, alipotaka kumpigia mama yake simu, hakupiga ndani ya nyumba. Alitoka nje katika mvua, akasimama chini ya baraza ya duka lililofungwa, akasema huku akicheka. Tulidhani ataka faragha.

Alhamisi mchana alitupeleka kulitazama kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Akasimama ngazini, akavua kofia ya koti lake ingawa mvua yanyesha, akatuomba tumpige picha. “Nitampelekea mama,” akasema. Tukiwa pale tulimweleza habari za George Williams, mtoto wa mkulima wa Somerset aliyekuja London kufanya kazi katika duka la nguo karibu na kanisa hilo hilo. Aliona jinsi vijana wa mashambani walivyopotea mjini kwa upweke, wakifanya kazi mchana kutwa na kulala wamesongamana katika vyumba vya juu ya maduka. Tarehe 6 Juni 1844 yeye na wenzake wachache wakaanzisha chama cha vijana wa Kikristo, ambacho ninyi mwakijua kwa jina la YMCA, na nyumba zake mmeziona Dar es Salaam, na Moshi, na Nairobi. Alipokufa mwaka 1905 alizikwa katika kanisa lile. Kijana akauliza, “Naye alipofika mjini mara ya kwanza, alilala wapi?” Tukajibu ya kwamba alilala dukani kwa bwana wake. Akanyamaza.

Jioni ile alituletea pakiti mbili za majani ya chai. Akasema, “Walimu, nawaombeni mnipelekee zawadi hii kwa mama. Tena mwambieni mmeniona, ni mzima, na chumba changu ni kizuri, kina dirisha na meza ya kusomea.”

Tukamwuliza, “Chumba kipi?”

Akatazama meza kwa muda mrefu, ndipo akatuambia yote. Kabla ya kutoka nyumbani alitafuta chumba kwa njia ya intaneti, akakipata chenye picha nzuri, na aliyejiita mwenye nyumba akamtaka atume kodi ya miezi miwili mbele. Mama yake, ambaye ni mjane, aliuza ng'ombe wawili. Alipofika London, aliikuta nyumba ipo, na namba ya mlango ni ile ile. Lakini mama aliyefungua mlango alikuwa amekaa humo miaka mingi, wala hakuwa na chumba cha kupangisha, wala hajapata kulisikia jina la yule mtu. Fedha zilikuwa zimeliwa. Tangu siku hiyo, yapata majuma manne, kijana alihama kutoka hosteli hii kwenda hosteli ile, kwa maana nyumba hizi haziruhusu mgeni kukaa siku nyingi mno. Hakuwaambia watu wa chuo, kwa kuona haya. Hakumwambia mama yake, kwa ajili ya wale ng'ombe. Jumamosi siku zake zingekwisha hapa pia, na fedha iliyombakia haikutosha juma jingine.

KOSA LETU

Sasa twaandika lililo gumu kuandika. Tulipokwisha kuyasikia hayo, tulimwambia ya kwamba uongo ni dhambi, na ya kwamba hatuwezi kuubeba uongo wake kuvuka bahari. Tulimtajia amri za Mungu. Tulimkumbusha ubatizo wake. Tulimwambia jinsi mama yake atakavyohuzunika siku atakapoipata kweli kwa watu wengine. Yote tuliyosema yalikuwa kweli, wala hapakuwamo neno moja la kumfaa.

Akatujibu kwa adabu, “Asanteni, walimu.” Akavaa koti lake, akatoka.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulingoja saa moja, saa mbili. Tuliambiana ya kwamba atarudi sasa hivi. Kisha hatukuambiana kitu. Ilipopita saa nne usiku mlango ukafunguka, akaingia, maji yakimtiririka nywele na mikono. Sisi tukasimama, tusijue tuanzeje.

Yule mzee wa Poland alikuwa amekaa mezani akimenya tufaha. Hakusema lolote, wala hakuwa na maneno ya kusema. Aliinuka, akamvua kijana koti, akalipeleka katika chumba cha joto. Akamvua na viatu, akavijaza magazeti ya zamani ili yanywe maji. Akamtupia taulo lake mabegani. Kisha akatia moto sufuria yake ya mchuzi wa viazi, akampakulia bakuli, na yeye mwenyewe akaketi ubavuni pake, akaendelea kumenya tufaha lake. Alipolimaliza alilikata vipande viwili, akampa kimoja.

Kijana akala. Baadaye akalia, na mzee hakumkataza.

Usiku ule hatukulala vema. Tulikumbuka habari iliyoandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28, jinsi Paulo na wenzake, jumla yao watu 276, walivyovunjikiwa na chombo wakatupwa kisiwani Malta. Mvua ilikuwa ikinyesha, na baridi ilikuwapo. Watu wa kisiwa kile hawakuuliza kwanza ni nani askari na ni nani mfungwa, wala ni kosa la nani hata chombo kikavunjika. Waliwasha moto, wakawakaribisha wote. Habari hii tumeifundisha mara nyingi, na kila mara tulifanya haraka kufika penye nyoka, kwa sababu watoto hulipenda jambo la nyoka. Usiku ule tuliona tulilolipita. Nyoka alitoka katika mzigo wa kuni, na kuni zile aliziokota Paulo kwa mikono yake. Mhubiri mkuu wa mataifa, pwani ile, alianza kwa kuokota kuni.

SIKU YA IJUMAA

Kulipokucha tulimwita, tukamwomba radhi. Si desturi kwetu wazee kumwomba radhi kijana, naye alifadhaika kuliko sisi. Tukamwambia, “Mwanetu, jana tulikuhubiria ungali umelowa. Leo tuambie, tukusaidie nini?”

Akasema, “Kaeni nami nikimpigia mama.”

Tukakaa naye katika pembe ya jiko. Safari hii hakutoka nje. Alimwambia mama yake yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hakujitetea. Upande wa pili pakawa kimya, hata tukadhani simu imekatika. Ndipo tukasikia sauti ya yule mama, “Mwanangu, usiku wa jana ulilala wapi? Na umekula nini?”

Kijana akataka kusema habari za ng'ombe. Mama akamkata maneno: “Ng'ombe wamekwenda. Wewe upo. Nenda kawaambie wakubwa wa chuo.”

Basi mmoja wetu akafuatana naye mpaka ofisi ya chuo inayoshughulika na mambo ya wanafunzi. Karani hakumcheka wala hakushangaa. Alisema ya kwamba si yeye wa kwanza kuibiwa namna hiyo mwaka ule. Akatazama daftari zake, akaona chumba kimoja katika mabweni ya chuo ambacho mwenyewe hakuja, akampa alipe kodi kidogo kidogo kila mwezi. Msaada ule ulikuwa pale tangu siku ya kwanza, mwendo wa nusu saa kutoka kitandani pake. Yaliyomzuia majuma manne yalikuwa haya tu.

MASHAURI YETU

Ndugu wazazi na walimu, tumeandika haya kwa ruhusa yake, tukaficha jina lake na kijiji chake. Watoto wetu wengi sasa wanakwenda kusoma mbali, wengine Dodoma, wengine Nairobi, wengine ng'ambo. Yafaa tuwape mashauri mawili.

La kwanza ni la fedha. Mtoto asilipe kodi ya chumba ambacho hakuna mtu anayemwamini aliyekiona kwa macho. Kabla hajaondoka, na aandikie chuo chenyewe kuuliza habari za malazi, maana vyuo vingi vina ofisi ya kazi hiyo. Akiibiwa, aseme siku ile ile.

La pili ni letu sisi. Kijana yule hakuwa mwongo kwa tabia. Alijifunza kusema uongo kwa sababu aliona habari njema tu ndizo zinazopokewa. Tujihoji nyumbani mwetu: mtoto akirudi na kalamu iliyopotea, au mtihani ulioshindwa, neno letu la kwanza ni lipi? Akiona kwamba habari mbaya huletewa fimbo na hotuba, ataziacha nje mlangoni, na siku moja zitakuwa kubwa kuliko kalamu. Hatusemi uongo uachwe bila kukemewa. Twasema moto utangulie, na maneno yafuate, maana mtu aliyekauka husikia vizuri zaidi.

Mwezi wa Novemba tulizipeleka zile pakiti mbili za chai. Mama alitupokea kwa furaha, akachemsha maji, akatutilia chai ile ile, nasi tukamweleza habari ya chumba, ambacho kweli kina dirisha na meza. Akatuuliza habari za mvua, na za baridi, na za yule mzee aliyempa mwanawe mchuzi.

“Anaitwa nani,” akasema, “nipate kumtaja katika sala?”

Tukatazamana. Siku saba tulilala chumba kimoja na mzee yule, na hatukuwa tumemwuliza jina.

Mama akasema haidhuru, Mungu amjua. Tangu siku ile humwombea kila jioni, na humwita “yule mwenye mchuzi.”